Programu nzuri ya duka, mafaili yake ya kusakinisha yanachanganya watu: uzoefu wangu Kigoma

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Natoa kopi, nachapa barua, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kuwawekea wafanyabiashara programu za mauzo na stoo kwenye kompyuta zao. Ninayoieleza leo inatengenezwa na kampuni ya hapa hapa nchini. Siitaji jina, kwa sababu kasoro nitakazozisema nimeziona kwa wengine pia, na hawa angalau ni watu wanaosikiliza. Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizopungua hazihusu programu ikishafunguka, zinahusu yale yanayompata mtu kabla haijafunguka.

Ikishakaa kwenye kompyuta inafanya kazi vizuri sana. Kiswahili chake ni cha dukani, bidhaa moja unaweza kuiuza kwa dumu au kwa lita, madeni ya wateja yanakaa kwa majina, na haidai intaneti kila saa. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, ukirudi unaikuta risiti pale ulipoiacha. Kwa duka la jumla la hapa kwetu, lenye wateja wa mjini na wengine wanaovuka ziwa kutoka Burundi na Kongo, sijaona ya bei yake inayoishinda.

Shida inaanza ukishalipia. Unatumiwa kiungo kwa WhatsApp, unapakua kifurushi cha zip, unakifungua, na ndani unakuta vitu vitatu vyenye jina moja: setup, setup na setup. Windows, kama hujaigusa mipangilio yake, huficha herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazoonyesha faili ni la aina gani. Kwa hiyo setup.exe, setup.msi na setup.ini yote yanasomeka sawasawa. Kinachoyatofautisha ni kipicha kidogo cha pembeni, na mtu ambaye kazi yake ni kuuza sukari hana sababu ya kujua kwamba kipicha chenye gurudumu la meno ni cha faili la mipangilio. Akilibofya hilo la .ini, inafunguka Notepad iliyojaa mistari asiyoielewa. Anashtuka, anafunga, anapiga simu: "Fundi, kompyuta imeingia virusi." Simu za namna hiyo nimezizoea, na swali langu la kwanza siku zote ni: picha uliyobofya inafananaje?

Wakitoa toleo jipya, nalo linaitwa setup. Kivinjari kikikuta jina limeshatumika kinaongeza namba, hivyo kwenye folda ya Downloads ya mteja kunakuwa na setup, setup (1) na setup (2). Moja ni la printa, jingine la programu nyingine kabisa, na hakuna anayeweza kukwambia lipi ni la lini. Mwaloni Kibirizi gunia la dagaa linaandikwa jina la mwenye mzigo na mji linakokwenda, tena kwa wino mzito, kabla halijapandishwa kwenye lori. Faili linalobeba hesabu za duka zima linastahili angalau hivyo.

Lililoniuma zaidi ni la mama mmoja mteja wangu, muuzaji wa mawese na sabuni kwa jumla. Ana kompyuta ya kaunta mbele na nyingine ya stoo nyuma ya jengo hilo hilo, zimeunganishwa kwa waya. Kampuni ilimtumia mafaili mawili ambayo majina yao yalilingana mpaka herufi ya mwisho: moja liliishia na S, jingine na C. La S ni la kompyuta kuu inayotunza hesabu zote, la C ni la kompyuta zinazosoma kutoka kwake. Hakuna maelezo popote yaliyosema hivyo. Mpwa wake akachukua la kwanza, akalisakinisha kaunta, likakubali. Akalibeba kwa flashi hadi stoo, likakubali pia. Mtu yeyote angefanya hivyo hivyo.

Matokeo yake kila kompyuta ikawa na daftari lake. Mauzo yanaingia kaunta, mzigo unaingia stoo, na madaftari mawili hayaonani. Rafu ya madumu inakuwa tupu, kompyuta ya stoo inasema madumu yapo. Mama akaanza kumtilia shaka kijana wa stoo. Siku niliyofika nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu, njoo uangalie hii kitu kabla sijamfukuza mtoto wa watu." Nilifungua mipangilio ya kompyuta zote mbili, nikamwonyesha kwamba kila moja inajihesabu kuwa ndiyo kuu. Tukajumlisha mauzo ya kaunta, tukayatoa kwenye mzigo wa stoo, madumu yakakaa sawa. Kijana hakuwa amechukua kitu. Ajira yake ilikuwa inaning'inia kwenye herufi moja ya jina la faili, na hapo lawama yote naipeleka kwa waliolipatia faili jina lile. Wangeandika "Kompyuta-Kuu" na "Kaunta", yule mpwa asingehitaji fundi wala mama asingehitaji kumshuku mtu.

Zip nayo ina mtego wake. Windows inakuruhusu kuchungulia ndani ya zip kana kwamba ni folda ya kawaida, lakini si folda. Ukibofya setup ukiwa humo ndani, Windows inalitoa hilo faili moja tu na kulifungua mahali pa muda, wenzake wanabaki kwenye zip, kisha unaambiwa faili fulani halipatikani. Mteja anadhani ametumiwa kitu kibovu, anapakua tena, bando linaisha. Dawa ni kufunga kila kitu ndani ya faili moja la .exe, jambo ambalo vyombo vya kutengenezea visakinishi vinafanya siku zote.

Kuna suala la biti 32 na biti 64, yaani aina mbili za Windows na programu zake, ya zamani na ya sasa, na hili linahitaji subira kulieleza. Laptopu nyingi za hapa ni za mkono wa pili, na baadhi bado zina Windows 7 au 10 ya biti 32. Kampuni inatoa mafaili mawili, moja limeandikwa x86, jingine x64. Mteja anaangalia, anaona 86 ni namba kubwa kuliko 64, anachukua 86 akiamini ndiyo mpya. Ukweli ni kinyume. Hiyo 86 imetokana na chipu ya Intel iitwayo 8086 ya mwaka 1978, na leo kwenye jina la faili kwa kawaida maana yake ni biti 32. Anayekosea upande huo ana nafuu, maana Windows ya biti 64 huwa inazikubali programu za biti 32. Anayeweka x64 kwenye mashine ya biti 32 anakataliwa papo hapo. Halafu kuna mafaili yanayoandikwa amd64, mfano lile la Python, lugha ya kuandikia programu, kwa Windows. Mfumo huo wa biti 64 ulianzishwa na AMD, kampuni ya chipu inayoshindana na Intel, na chipu zake za kwanza zilitoka 2003, ndiyo maana jina lilibaki, ingawa mashine za Intel zinautumia huo huo. Mwenye laptopu yenye stika ya Intel akiona amd64 anaacha, na mimi simshangai. Andika tu "biti 32" na "biti 64". Vizuri zaidi, weka zote mbili ndani ya kisakinishi kimoja, kiipime mashine chenyewe na kuchagua. Inno Setup, chombo cha kutengenezea visakinishi ambacho kipo tangu 1997, kinaweza kufanya hivyo, na jina la faili linalotoka mwishoni linaamuliwa na mstari mmoja tu wa maandishi.

Bado kuna vile visakinishi vyepesi vinavyopakuliwa kwa sekunde, kumbe programu yenyewe vinaifuata mtandaoni baadaye. Mjini havisumbui. Ukikibeba kwa flashi hadi duka la kijijini Uvinza lisilo na intaneti, umebeba gamba. Google Chrome wanatoa aina zote mbili, na wametenganisha majina: ChromeSetup ndilo jepesi, ChromeStandaloneSetup64 ndilo lililokamilika. Si Kiswahili, lakini anayeweka kompyuta anajua amebeba nini.

Mfano ninaopenda kuwaonyesha watengenezaji ni wa VLC, programu ya kuchezea video. Faili la toleo lao la 3.0.20 linaitwa vlc-3.0.20-win64.exe. Jina la programu, toleo, mfumo, biti, vyote mbele ya macho, na hata ukilikuta kwenye flashi ya mtu baada ya miaka mitatu unalitambua bila kulifungua. LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, nao tangu Januari 2024 wanahesabu matoleo kwa mwaka na mwezi, kwa hiyo 24.2 ni la Februari 2024 kwa hesabu yao, na mteja anaona umri wa alichonacho.

Usalama ndio unaonifanya nilisemee jambo hili kwa nguvu. Mtu aliyezoeshwa kubofya setup yoyote anayotumiwa, siku moja atatumiwa ankara.pdf.exe. Kwa sababu Windows imeficha herufi za mwisho, yeye ataona ankara.pdf na kuifungua akidhani ni hati, kumbe .exe ni programu. Windows hujaribu kumsaidia: kabla ya kusakinisha inauliza ruhusa, na kama faili lina saini ya kidijitali inaonyesha jina la aliyelitengeneza kwenye dirisha lenye utepe wa bluu. Lisilo na saini linaletwa kwa utepe wa njano, mtengenezaji hajulikani. Programu yetu hii inakuja kwa njano. Kampuni yenyewe, kwenye ujumbe wake wa WhatsApp, inawaambia wateja wabofye "ndiyo" bila wasiwasi. Naomba waache. Saini ina gharama, naelewa, lakini mteja anayefundishwa kupuuza onyo la njano atalipuuza pia siku linapomwonya kweli.

Niliwaandikia haya yote, na toleo lao la karibuni limebadilika. Jina la programu na namba ya toleo sasa vipo kwenye faili. Lile la S na lile la C yameunganishwa kuwa moja, na kisakinishi kinauliza kwa Kiswahili kama hii ni kompyuta kuu au ya kaunta, na kina mchoro mdogo unaoonyesha tofauti. Nimelijaribu kwa wateja bila kuwaelekeza, nao wakapita hapo wenyewe. Saini bado. Faili la sasisho nalo bado linafanana mno na la usakinishaji mpya, hadi kipicha, na hilo ndilo la hatari kuliko yote yaliyobaki, kwa sababu lile la usakinishaji mpya linaweza kumwanzishia mtu hesabu tupu juu ya hesabu zake.

Mpaka walirekebishe, anayeitumia afanye hivi. Kabla ya kubofya sasisho lolote, ingia kwenye mipangilio, toa nakala ya hesabu, iweke kwenye flashi na uichomoe flashi hiyo. Ndipo uendelee, ukisoma kila dirisha polepole. Likija swali la kama unataka kuanza daftari jipya, jibu hapana, na kama halikupi nafasi ya kujibu hapana, funga dirisha na uwapigie kampuni.