Kuongeza uzito kwenye trekta dogo: nilivyojaribu maji, mchanga, zege na vyuma

Trekta langu ni dogo, nguvu za farasi 28, linavuta kwa magurudumu yote manne na lenyewe tupu lina kama kilo 1,100. Kazi yake ni mikorosho Newala: kuvuta haro, jembe la kuvunjavunja udongo, chini ya miti, tela wakati wa mavuno, na pampu ya kupulizia dawa ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga unapoanza kusumbua maua. Nimemaliza nalo misimu miwili. Injini sina neno nayo, mafuta halinywi sana. Shida yangu ilikuwa uzito. Aliyeniuzia aliniapia kwamba liko kamili na vyuma vya kuongeza uzito mbele ni vya matrekta makubwa. Nikaamini.

Anayeijua Newala anajua habari ya maji. Huku juu kwenye uwanda tunategemea mvua na visima vya kuvunia, chemchemi ziko chini bondeni. Kwa hiyo nateremka na tangi tupu la pampu, la lita 300, nyuma ya trekta, nalijaza chini, napanda nalo. Siku ya kwanza, kona ya pili tu, usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli. Nakata kushoto, trekta linakwenda mbele moja kwa moja. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanagusa ardhi na kuachia, yanagusa na kuachia. Kilichoniokoa ni kwamba breki za nyuma zinakanyagwa kila upande peke yake, nikageuza kwa breki hadi mahali pa kusimama. Nikafungua koki na kumwaga nusu ya maji barabarani, roho inauma.

Jirani akanishauri nijaze maji kwenye tairi za nyuma. Kazi yenyewe si ngumu. Unainua gurudumu kwa jeki, unazungusha mpaka valvu iwe juu kabisa, unatoa kiini chake, unaingiza maji kwa mpira kutoka kwenye dumu lililowekwa juu, huku ukiachia hewa itoke kila mara. Maji yakianza kutokea kwenye valvu, umefika kama robo tatu ya tairi. Hapo unaacha na kumalizia kwa upepo, kwa sababu tairi lililojaa maji tupu halina mahali pa kubonyea. Kila tairi langu lilichukua madumu manne ya lita 20. Mama Somoe alikuwa amesimama mlangoni akihesabu.

"Baba Somoe, hayo si ndiyo tunayokunywa mpaka mvua zirudi?"

Sikuwa na jibu. Kilo 160 zilikuwa zimeshaingia.

Kwenye haro, maji ni dawa kweli. Mchanga wetu unakimbia chini ya tairi, na hapo awali magurudumu yalikuwa yanazunguka mahali pamoja mpaka yanachimba shimo. Sasa trekta linashika. (Wenzetu wa nchi za baridi huchanganya maji na chumvi ya kalsiamu yasigande, na chumvi hiyo hula rimu. Huku kwetu maji matupu yanatosha.) Lakini kwenye kilima pua ilinyanyuka vilevile. Ndipo nikaelewa jambo ambalo ningeambiwa siku ya kwanza ningeokoa madumu manane: maji ya tairi la nyuma yamekaa juu ya ekseli ya nyuma yenyewe, na trekta likinyanyua pua linazungukia hapohapo. Hayavuti pua chini hata kidogo. Ukitaka kuishika pua, uzito uende mbele.

Nikafunga viroba vya mchanga kwenye bampa. Viwili vilipasuka siku ileile na mchanga ukaingia kwenye mapezi ya rejeta. Sirudii.

Zege ndilo lililonifaa. Nilichukua madumu mawili ya mafuta ya kupikia, ya lita 20, nikayakata mdomo, nikasimamisha nondo iliyokunjwa kama ndoano katikati, nikajaza zege la kokoto na kulishindilia kwa fimbo. Saruji inatengenezwa hapahapa Mtwara, nyumbani lilikuwa limebaki nusu mfuko, kwa hiyo nililipia kokoto na fundi wa kuchomea tu. Baada ya wiki tatu nikayapeleka ghalani tunakopimia korosho, karani akacheka lakini akayapandisha mizani: moja kilo 47, la pili 48. Dumu hilohilo ukilijaza maji ni kilo 20, mchanga mkavu ni thelathini na kidogo.

Fundi alichomelea bomba nene mbele ya bampa, nikayatundika na kuyabana kwa mnyororo yasicheze. Nilipima kwa futi: kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye ndoano ni mita 2.2, kutoka ekseli hiyohiyo hadi katikati ya tangi ni mita 1.1. Maana yake kila kilo ninayotundika mbele inazibana kilo mbili za nyuma. Kwa hesabu yangu, tangi likiwa limejaa sasa magurudumu ya mbele yanabeba zaidi ya asilimia 25 ya uzito wa trekta. Kiwango cha chini kinachoshauriwa ili usukani ufanye kazi ni 20. Nimepanda kilima kile mara nyingi tangu hapo na kona nakata kwa mkono mmoja, ingawa sipaswi.

Vyuma halisi vya kiwandani niliazima kwa rafiki wa Masasi kwa siku tatu, vinne vya kilo 25. Ni vitamu kutumia: unavaa kimoja kimoja, unavua kimoja kimoja, havichukui nafasi. Ila bei yake ingeninunulia zaidi ya mifuko ishirini ya saruji.

Kuvua ndiyo hoja kubwa kwangu. Pampu ikishatoka, madumu nayo yanatoka, kwa sababu uzito usio na kazi unakula mafuta na kushindilia udongo juu ya mizizi ya mikorosho. Huwa naangalia alama za tairi: zikiwa kali na safi kama muhuri, nimezidisha, zikifutika zote, nimepunguza mno, nataka zilizofutika kidogo katikati. Maji hayavuliki kirahisi hivyo, na tairi likipata pancha fundi anaoga kwanza kabla ya kuziba.

Dumu moja limeanza kupata ufa kwenye kona, nimelizungushia waya. Maji ya tairi bado yamo. Mwezi wa kumi kisima kilipobaki matope, nilimkuta Mama Somoe amesimama kando ya gurudumu la nyuma, ndoo mkononi.