Uzoefu wangu na "An African in Greenland": kutoka mnazini hadi kwenye barafu

Nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini pale Posta, Dar es Salaam, kwa shilingi 10,000. Jalada limechakaa, gundi ya mgongoni imekauka, na kurasa za mwanzo zinachomoka ukikifungua kwa nguvu. Nilikuwa naelekea kukirudisha mahali pake. Nikaperuzi kidogo, nikamkuta kijana juu ya mnazi, uso kwa uso na nyoka. Mimi ni mtu wa Pangani na babu yangu alikuwa mkwezi. Nikatoa hela.

Mwandishi anaitwa Tété-Michel Kpomassie, mzaliwa wa Togo, 1941. Kitabu alikiandika kwa Kifaransa, kikatoka 1981. Nilichosoma mimi ni tafsiri ya Kiingereza ya James Kirkup, na Kiingereza chake hakisumbui. Aliyemaliza kidato cha nne na mwenye mazoea ya kusoma atakwenda nacho vizuri. Angalizo kwa wanunuzi: kampuni ya Penguin ilikitoa upya 2022 kwa jina la "Michel the Giant". Ni kitabu kilekile, usije ukakinunua mara mbili.

Habari yenyewe inaanza na huyo nyoka. Kijana anaanguka kutoka mnazini, anaugua, na baba yake anampeleka msituni kwa kuhani wa kike wa chatu ili aponywe. Anapona. Lakini shukrani ina gharama yake: inabidi arudi msituni akawekwe wakfu, aishi na chatu kwa miaka. Kurasa hizi za Togo nimezisoma mara tatu. Mtu wa pwani anazijua bila kuelezwa. Babu yangu alikuwa na sugu kifuani kwa kukumbatia minazi tangu utotoni, na kabla ya kukwea alisimama kwanza chini, panga kiunoni, akiangalia makuti kwa muda mrefu, kwa sababu ukukwi, yule nyoka wa mitini, ni rangi moja na jani. Kpomassie anaiandika ile hofu ya kuwa juu, huna pa kukimbilia, mpaka viganja vinatoka jasho.

Wakati anangojea siku ya kupelekwa msituni, anaingia duka la vitabu la wamisionari mjini Lomé na kukuta kitabu kuhusu Greenland, kisiwa kikubwa cha barafu huko kaskazini ya mbali. Jaladani kuna mwindaji aliyevaa ngozi, ameegemea mkuki. Ndani anasoma kwamba huko hakuna miti wala nyoka, na mtoto anaachwa huru kuliko alivyowahi kusikia. Kwa kijana aliyekwisha kuahidiwa kwa chatu, habari hiyo ilitosha. Akatoroka nyumbani.

Safari ilimchukua karibu miaka minane. Ghana, Ivory Coast, Senegal, Ufaransa, Ujerumani, Denmark. Anafanya kazi, anajifunza lugha, anadunduliza nauli, anasogea tena. Shuleni alikuwa amesoma miaka sita tu ya msingi. Hapa ndipo nina lawama yangu kubwa: miaka hiyo minane anaipita mbiombio. Ningependa kujua alilala wapi, alikula nini, alifanyaje siku alizoishiwa. Kwa sisi tuliokulia karibu na bandari, hayo ndiyo maswali ya kwanza tunayomuuliza mtu aliyetoka safari.

Mwaka 1965 meli inamshusha Julianehåb, mji ambao leo unaitwa Qaqortoq, kusini mwa Greenland. Watu gatini wananyamaza kimya. Watoto wanajificha nyuma ya mama zao, wengine wanalia, na wapo wanaodhani ni roho wa milimani. Ni mrefu kuliko karibu kila aliyepo, na mweusi mahali ambapo wengi hawajawahi kumwona mtu mweusi. Muda si mrefu wanamvuta ndani, wanamlisha, wanampa pa kulala. Anaishi kwao zaidi ya mwaka mzima, akipanda kaskazini kidogo kidogo, kwa sababu Greenland aliyoiota, ya sili, wale wanyama wa baharini wanaowindwa, na mbwa wa kuvuta sleji, gari la kuteleza juu ya barafu, kusini haipo. Anajifunza kula mattak, yaani ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yake, mbichi. Anajifunza kuwaendesha mbwa, na namna wanavyoweza kumgeuka mtu wakiwa na njaa.

Mahali nilipopapenda kupita pote ni Upernavik, mji mdogo wa kaskazini, kwa mzee Robert Mattaaq. Nyumba yake imejengwa kwa matofali ya udongo wenye nyasi, na kuta zake za ndani amezibandika kurasa za magazeti, tabaka juu ya tabaka. Mzee anaishi katikati ya maktaba yake, dunia nzima ipo ukutani. Kpomassie anakaa naye, anamsikiliza, hana haraka ya kumcheka wala kumtukuza. Namna hiyo ya kutazama ndiyo iliyonishika. Tumezoea kusoma vya wageni waliotuandika sisi, tunavyokula, tunavyooana, tunavyozika. Hapa Mwafrika amekwenda kwa hiari yake kwa watu wa mbali, akauliza maswali yake, akalinganisha na kwao Togo bila kuona haya.

Tahadhari kwa wazazi: kuna ulevi mwingi, na mambo ya wanawake ameyaeleza waziwazi mno. Wanawake wenyewe wanapita tu, unawasahau majina. Hilo limenikera. Nakipa nyota nne kati ya tano.

Kuna jambo karibu na mwisho ambalo siachi kulifikiria. Angeweza kubaki Greenland. Amekwisha kupendwa, amekwisha kuzoea. Anaamua kurudi, ili vijana wa kwao wasikie aliyoyaona. Mjomba wangu alizamia meli Tanga miaka ya themanini, akaishi Ugiriki, akarudi na redio kubwa na suruali za jinzi. Tulimwuliza ya huko, akawa anasema, "Nitawaambia, tulieni." Amefariki 2009 hajasema. Namkumbuka kila Kpomassie anapoeleza kitu kidogo, harufu ya chumba au jinsi kamba ya mbwa inavyofungwa. Nimelia kwenye daladala kwa ajili ya kamba ya mbwa.

Baba mdogo aliyezamia naye, aliyekamatwa Durban akarudishwa, bado yupo hai. Jumamosi nilimpelekea daftari la kurasa 200. Macho yake hayana nguvu tena, kwa hiyo anasimulia, mimi naandika. Tumefika ukurasa wa nne. Wamejibanza nyuma ya magunia ya mkonge, wanasubiri giza liingie.