Kumtambua jirani au kumtambua mgeni: upi unasimama kwenye rufani?

Tuseme nyumba imevamiwa Ujiji, saa nane usiku, mlango umepigwa jiwe la fatuma, lile jiwe kubwa la kuvunjia milango. Shahidi wa kwanza anasema: "Nilimjua, ni kijana wa mtaa wa pili." Wa pili hakuwahi kumwona yule mtu kabla ya usiku huo, ila sura anaikumbuka.

Wengi hudhani wa kwanza ameshamaliza kesi. Kweli ana nguvu zaidi, lakini haachiwi hivihivi. Tangu 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania inataka kujua alimwangalia kwa muda gani, kwa umbali gani, na mwanga ulikuwaje. "Taa ilikuwa inawaka" haitoshi. Taa gani, ilitundikwa wapi, mwanga wake ulifika wapi? Tochi ikikumulika usoni inakupofusha wewe, si mwizi. Na kubwa zaidi: majirani walipoitikia yowe, alitaja jina palepale? Akilitaja baada ya siku 3 bila sababu ya maana, mrufani ameshapata pa kushika.

Wa pili hutegemea gwaride la utambulisho, yaani mtuhumiwa anapangwa mstari na watu wengine, shahidi amchague. Sharti awe ameeleza mapema umbo, kovu, mavazi, na asiwe ameonyeshwa mtuhumiwa kabla. Hata hapo, bado lazima amtambue mtu huyohuyo mahakamani.

Mimi ningemwamini wa kwanza, alimradi jina lilitoka usiku uleule. Kama halikutoka, siwezi kuunga mkono mtu afungwe miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, eti sura yake ilionekana gizani.