Gym ya Shangani, Mtwara: kwa mwenye kiwiko au bega linalouma

Miezi mitano sasa nafanya mazoezi kwenye gym hii ndogo ya Shangani, nikitokea Chikongola kwa bodaboda. Mimi ni mrusha mkuki. Nilifika pale kiwiko cha kulia kikiuma hata kukuna nazi siwezi, na timu yangu nilikuwa nimeshaachana nayo.

Tuligombana juu ya mazoezi. Uongozi ulitaka kila mchezaji, awe mkimbiaji au mrushaji, anyanyue vyuma vilevile kila alfajiri. Mimi nikakatazwa kurusha mbali katikati ya wiki. Nikaeleza kwamba mkono wangu umezoea hivyo tangu sekondari. Nikaambiwa nina kiburi.

Kocha wa Shangani siku ya kwanza hakunipa chuma hata kimoja. Aliniuliza, "Dada, unarusha mara ngapi kwa wiki? Maumivu yanakuja ukivuta mkono nyuma au ukiachia?" Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu. Jioni yake tukashuka ufukweni, maji yamekupwa, nikarusha mianzi mara kumi huku yeye akiandika kwenye daftari la shule. Programu yangu ilitoka kwenye daftari lile. Navuta mpira wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwenye nguzo, kisha nazamisha mkono kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nafumba na kufumbua vidole mpaka mkono uwake moto. Kocha anapenda besiboli, ndiye aliyeniambia kwamba Steve Carlton, pitcha (yaani mrusha mpira kwa mpigaji) mkubwa wa Marekani, alifanya hivyo hivyo kwenye mchele.

Ni yeye pia aliyenisimulia habari za Trevor Bauer, pitcha mwingine wa Marekani. Timu ya Arizona Diamondbacks ilimchukua mwaka 2011, akiwa chaguo la tatu kati ya vijana wote wa mwaka ule. Kijana alikuwa na taratibu zake: alipasha mkono kwa kurusha mpira zaidi ya mita 100, ilhali kutoka anaposimama pitcha hadi kwa mpigaji ni mita 18 na ushee. Wakavutana juu ya mazoezi hayo, na mwaka 2012 haukuisha kabla hawajampeleka timu ya Cleveland. Mwaka 2020, akiwa timu ya Cincinnati, akatwaa tuzo ya Cy Young, ya pitcha bora wa ligi yake. Kufungiwa kwake kucheza baadaye ni jambo jingine na silitetei. Mimi nasema habari za mkono tu. Niliposikia kisa kile nilinyamaza muda mrefu.

Viongozi nao wana hofu ya haki. Kano ya ndani ya kiwiko ikikatika, mrushaji ana kazi. Tommy John, naye pitcha wa Marekani, alipandikiziwa kano kutoka mkono wake wa pili mwaka 1974, msimu wote wa 1975 akaukosa, ndipo akarudi na kucheza hadi 1989. Lakini kama unauhofia mkono wa mtu, muulize mwenye mkono! Kocha wangu naye hunikatalia. Nilipotaka kurusha mkuki wa gramu 600 wiki ya tatu, alikataa, akafungua daftari na kunionyesha siku ambazo kiwiko kiliuma. Nilikubali bila kinyongo kwa sababu yaliyoandikwa mle niliyasema mimi mwenyewe.

Mapungufu yapo. Wanawake tunabadilisha nguo nyuma ya pazia, na pazia lenyewe fupi; nimeshamwambia mwenye gym mara mbili. Feni ni moja. Kuanzia saa 12 jioni vijana wa vifua hulikalia benchi mpaka usiku, kwa hiyo nenda alfajiri, wanafungua saa 11. Maji ya kunywa beba ya kwako.

Kwa siku nalipa shilingi 3,000, kwa mwezi 40,000. Kuangaliwa kiwiko ufukweni hakuna malipo ya ziada, ila uende Jumanne au Alhamisi, na umwambie kocha mapema ili atazame saa za kupwa. Jumanne iliyopita nimerusha mkuki kamili mara sita. Usiku nikakuna nazi mbili.