Sehemu ya kukaa chini ya mti mkubwa: uzoefu wangu na mbunifu wa bustani

Uani kwetu kuna mti mkubwa tuliokuta umeshakomaa. Nilitaka pa kukaa chini yake, na mtu wa kwanza kuja kutazama alikuwa na jibu tayari: tumwage zege mpaka shinani, tujenge kibaraza cha duara. Nikamshukuru, nikatafuta mwingine. Huyo wa pili nampa nyota nne kati ya tano.

Kabla hata ya kuuliza habari ya viti, alitoa futi kamba akapima shina, kama mita moja na nusu kutoka chini. Kipenyo kilikuwa sentimita 60. Akazidisha mara 12, akachora kwa chokaa duara linalofika mita 7.2 kutoka kwenye shina: humo ndani, alisema, hachimbi msingi wala haongezi udongo. Duara likameza karibu ua mzima! Lakini alikuwa na hoja. Mizizi inayonyonya maji na kuhitaji hewa iko juujuu, mingi ndani ya sentimita 60 za kwanza, na hutambaa kupita hata kivuli cha matawi. Ukiifunika kwa zege, au lori likaushindilia udongo, mti hauanguki kesho. Hukauka kidogo kidogo kuanzia vilele, pengine miaka kadhaa baadaye, na fundi keshasahau hata njia ya kufika kwako.

Kwa hiyo tukapata jukwaa la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo chache, mashimo yake yakachimbwa kwa mkono. Shimo moja likakutana na mzizi mnene kama mkono wangu. Kijana alishainua panga. Mbunifu akamzuia, shimo likasogezwa, na boriti zikapimwa upya. Hapo nikajua pesa yangu haijapotea. Mbao zimeachiwa nafasi ili mvua ipite, na kuzunguka shina kuna uwazi wa mti kunenepa na kuyumba kwenye upepo. Fremu ya uwazi huo ni ya skrubu tupu, ili siku ikibidi ifunguliwe na kupanuliwa. Kwingine ni matandazo, ambayo hayagusi shina. Taa zimeshikwa kwa mikanda mipana inayolegezwa, maana waya hukaba tawi linapokua.

Nyota niliyoizuia? Kazi ilichelewa kuliko tulivyokubaliana, na ngazi ni ndefu mno kwa mzee yeyote. Majani yanajaa kwenye nafasi za mbao. Hilo simlaumu, ni ufagio tu. Ila meza aliyoipigilia chini ameiweka sawasawa chini ya tawi wanalolala ndege, na kila asubuhi naisugua kabla sijaweka kikombe. Nimeomba waje waihamishe. Wanasema wako njiani.