VFD, sevo au mota ya DC? Ununue nini unapolifungia kerezo kuukuu umeme wa kuongozwa na kompyuta

Makerezo mengi ya Colchester, Harrison na Boxford yaliyomo katika karakana za Afrika Mashariki yaliletwa na mota ya fezi tatu ya 415 V. Chuma chenyewe mara nyingi bado kizima: kitanda kizito, giaboksi isiyopiga kelele, beringi zisizocheza. Kinachokwamisha ni umeme. Ama karakana ina fezi moja tu, ama fezi tatu ipo lakini unataka kasi ya spindo (shafti inayozungusha kazi) iamriwe na kompyuta, ukate thredi bila kubadilisha gia na ukereze uso mpana kwa kasi inayopanda kadiri kisu kinavyokaribia katikati.

Hapa chini tumepanga machaguo kuanzia linalofaa zaidi. Tunasisitiza jambo moja: fedha yako iende kwanza kwenye VFD (kifaa kinachobadili masafa ya umeme ili kubadili kasi ya mota) na enkoda (kihisi cha mzunguko wa spindo), kompyuta baadaye. Wengi huanza na skrini na kadi nzuri, kisha hubakiwa na hela ya VFD na enkoda za ovyo, na mashine inakata thredi mbovu mwaka mzima.

Soma kibao cha mota kabla hujaenda dukani

Kibao kikisema 230/400 V, delta/sta (namna mbili za kuunganisha koili za mota), umebahatika. Funga vijiti vya mota kwa delta na nunua VFD inayoingiza fezi moja ya 230 V. Kikisema 400/690 V, mota hiyo inahitaji VFD ya 400 V yenye fezi tatu za kuingiza. Ukiipa 230 V itazunguka, lakini kisu kikigusa chuma itasimama.

Mota nyingi za zamani za Kiingereza zimeandikwa 415 V pekee na zinatoa nyaya tatu tu, kwa sababu sta imefungwa ndani ya koili. Usiitupe. Fundi wa kusuka mota anaweza kuitafuta ile sehemu ambapo ncha tatu zimeunganishwa, akazitenganisha na kutoa nyaya sita. Ukizifunga kwa delta, mota ya 415 V inakuwa ya 240 V, kwa kuwa 415 gawanya kwa 1.73 ni 240. Kabla hujamlipa, ipime insulesheni kwa mega (kipimo cha insulesheni) ya 500 V kati ya koili na bodi. Chini ya megaohm 1, ikaushwe au isukwe upya kwanza.

Kibao kikionyesha kasi mbili, mfano 1420 na 2840, tahadhari. Mota za kasi mbili za aina hiyo hazigeuzwi kuwa za 230 V kwa kubadili vijiti. Ni bora ununue mota mpya ya poli 4 (nguzo nne za sumaku). Ya 2.2 kW kwa vipimo vya IEC (viwango vya kimataifa vya umeme) ni fremu 100L yenye shafti ya mm 28, ya 1.5 kW ni fremu 90L yenye shafti ya mm 24. Puli ya zamani huenda ina tundu la inchi, kwa hiyo weka kwenye hesabu kazi ya kutoboa upya au kuchonga bushi.

1. Mota ya fezi tatu na VFD ya vekta

Hili ndilo chaguo letu kwa karibu kila kerezo lenye mota isiyozidi 2.2 kW. VFD ya vekta isiyo na sensa husoma mkondo wa mota na kuongeza msukumo kisu kinapozama, hivyo kasi haishuki sana. Delta MS300, Schneider ATV12 na Siemens V20 zote zina matoleo ya fezi moja ya 230 V yanayofika 2.2 kW. Kati ya hizo tunaipa MS300 nafasi ya kwanza, kwa kuwa transista ya breki imo ndani, pamoja na tamino (sehemu za kufungia nyaya) za usalama za kukata nguvu ya mota moja kwa moja. Ukichukua nyingine, uliza kabla ya kulipa kama breki imo au inauzwa kando.

Chagua kwa ampea za mota, usichague kwa kilowati zilizoandikwa kwenye boksi. Mota ya 2.2 kW iliyofungwa delta kwa 230 V hula takriban ampea 9, na VFD yake inatakiwa itoe 10 au zaidi. Upande wa kuingiza ndipo watu hushtuka: VFD hiyo hiyo inaweza kuvuta zaidi ya ampea 20 kwenye fezi moja. Plagi ya 13 A haibebi mzigo huo. Vuta laini yake kutoka kwenye ubao wa umeme, waya wa 4 mm² na sakiti breka ya 32 A.

Usiondoe giaboksi wala mikanda kwa kuamini VFD itafanya kila kitu. Chini ya 50 Hz nguvu ya kuzungusha hubaki ile ile huku kilowati zikishuka, kwa hiyo kwenye 25 Hz una nusu ya mota uliyonunua. Feni iliyo nyuma ya mota nayo inazunguka nusu ya kasi, na mota inachemka. Tumia gia kupata kasi ya chini, VFD itumike kurekebisha kati ya gia moja na nyingine. Kupanda juu ya 50 Hz, jiwekee kikomo cha 70 au 75 na usivuke kasi iliyogongwa kwenye chaki (kishikio cha chuma kinachokerezwa). Chaki ya chuma cha kutupwa ikizungushwa kupita kiwango chake inaweza kupasuka, na hakuna kinga ya bati itakayozuia kipande hicho.

Sasa breki. Chaki nzito ikiambiwa isimame kwa sekunde 1, mota inageuka jenereta, volti za ndani ya VFD zinapanda na VFD inajizima kwa hitilafu ya volti kubwa. Dawa ni rizista ya breki. Kitabu cha VFD kinataja ohm za chini kabisa zinazoruhusiwa. Ukiweka ndogo kuliko hizo unaiunguza transista. Lakini kama spindo ya kerezo lako ina thredi na chaki inaskrubiwa juu yake, kama ilivyo kwenye Boxford na Myford nyingi, breki kali au kurudisha nyuma kwa ghafla kutaifungua chaki ikiwa inazunguka. Hapo acha rizista kabisa, weka muda wa kusimama wa sekunde 6 hadi 10, na ufunge uwezo wa kurudi nyuma. Spindo za kamloki (chaki hufungwa kwa pini, si kwa thredi) hazina shida hiyo.

2. Mota ile ile na VFD ya bei nafuu

VFD kama za Huanyang zimejaa sokoni na kwa bei ni rahisi mno. Kwa kukereza shafti na bushi za kawaida zinatosha. Udhaifu upo kwenye kasi ya chini: zile zinazofanya kazi kwa uwiano wa volti na masafa tu hulegea chini ya 15 Hz, kisu kinasimama ndani ya chuma na ncha ya kabaidi inavunjika. Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa ajili ya spindo za raute (mashine ya kuchonga mbao) za 400 Hz. Kabla ya kuunganisha mota weka kwenye mipangilio ya VFD PD004 (masafa ya kawaida ya mota) iwe 50, PD005 (masafa ya juu kabisa) iwe kikomo ulichochagua, PD141 iwe volti za mota, PD142 ampea zake, na ushushe PD011, maana ndiyo inayoweka kasi ya chini kabisa. Ukisahau PD004, mota ya 50 Hz inapewa volti kiduchu na utadhani imeungua.

Kagua pia kama transista ya breki imo kweli. Kwenye baadhi ya VFD za bei ya chini tamino za rizista zipo nje, ila ndani sehemu zake hazikufungwa.

3. Sevo ya AC

Kwa kerezo dogo la mezani, sevo (mota inayojua na kushika nafasi yake) ya 750 W na draiva yake ni nzuri sana: inasimama kwa pembe unayotaka, na inaweza kutumika kugawa duara kwa kutoboa matundu. Tatizo ni hesabu ambayo muuzaji haifanyi. Nguvu ya kuzungusha ni 9550 mara kilowati, gawanya kwa mizunguko. Sevo ya 0.75 kW kwa 3000 inatoa Nm 2.4. Mota ya kawaida ya 0.75 kW kwa 1420 inatoa Nm 5. Kwa hiyo lazima upunguze kwa mkanda wa meno wa 2 kwa 1 au zaidi, ndipo zilingane. Kwa kerezo kubwa, sevo yenye nguvu inayotosha inakula bajeti yote.

4. Mota ya cherehani ya viwandani

Mota hizi zisizo na brashi za 550 W na 750 W zinauzwa kila penye maduka ya cherehani, zinatumia fezi moja na hazina kelele. Zinafaa kerezo dogo la kuendeshwa kwa mkono. Hatuzipandishi juu kwa sababu boksi lake linangoja ishara ya pedali, na kuifanya itii kompyuta kunahitaji uigize ishara hiyo.

5. Mota ya DC ya mashine ya kukimbilia

Nafasi ya mwisho. Bodi nyingi za DC za aina hii hazijatenganishwa na umeme wa laini. Waya wa kuongozea kasi una volti za laini, na ukiuunganisha moja kwa moja na kompyuta unaunguza kompyuta au unajiua. Zipo bodi ndogo za kutenganisha ishara, nazo ni gharama nyingine.

Kuna kitu kimoja cha kukwepa: VFD iliyoandikwa inaingiza 220 V fezi moja na kutoa 380 V fezi tatu, kwa bei sawa na ya kawaida. Kupandisha volti kunahitaji sakiti ya ziada ndani. Muombe muuzaji aiwashe na mpime volti za DC kwenye tamino zake. Ikionyesha karibu 325, hiyo haiwezi kutoa 380. Inatakiwa ifike 540 hivi.

Enkoda

Thredi inakatwa na enkoda. VFD ikilegea kidogo si neno, alimradi kompyuta inajua spindo iko wapi. Nunua ya mistari 1024 yenye nyaya za A, B na Z (A na B hutoa mapigo, Z hutoa moja kila mzunguko), na iwe ya ishara za jozi, yaani A+ na A−, kwa sababu VFD inamwaga kelele nyingi za umeme kwenye nyaya za jirani. Kwa Omron, E6B2-CWZ1X ndiyo ya jozi. E6B2-CWZ6C inafanana nayo kwa umbo ila si ya jozi.

Ifunge kwa mkanda wa meno na puli mbili zenye meno sawa, ili izunguke mara 1 kila spindo inapozunguka mara 1. Mkanda wa V unateleza. Uwiano ukiwa tofauti, alama ya Z inaangukia mahali pengine kila mara, na kisu kinapopita mara ya pili kinaparamia ukingo wa thredi badala ya kurudi kwenye mfereji wake. Usiifunge pia katikati ya mwisho wa spindo, utaziba tundu la kupitishia vyuma virefu.

Kadi ya kuongozea

Anayetaka kubaki na mikono kwenye usukani anunue ELS, mfumo unaozungusha skrubu ya kuongozea kwa mota ya stepa (inayozunguka hatua kwa hatua) ikifuata enkoda. Muundo wa Clough42 (mtengenezaji wa video za YouTube), unaotumia bodi ya Texas Instruments (TI) F280049C, uko wazi kwa yeyote kuujenga. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kuachana na gia za kubadilisha.

Anayetaka CNC kamili (kompyuta iendeshe mashine yote), tunapendekeza programu ya LinuxCNC na kadi ya Mesa 7i76E. Ina ishara ya 0 hadi 10 V ya kuamuru VFD na pembejeo ya enkoda papo hapo. Enkoda ya mistari 1024 kwa mizunguko 2000 inatoa mapigo zaidi ya 34,000 kwa sekunde kila waya, na hesabu hiyo lango la printa la kompyuta ya zamani haliiwezi. Paneli za CNC za GSK za mfululizo wa 980 zinafuata kwa karibu, hasa karakana ikiwa na mtu aliyezoea paneli za Fanuc. Kadi za bei nafuu za USB za Mach3 (programu nyingine ya CNC) ziache kama unakata thredi: nyingi hazisomi spindo ipasavyo. Grbl ya kawaida (programu ya bodi ndogo za CNC) nayo haina amri ya thredi kabisa.

Unapotumia kasi ya kukata isiyobadilika, G96, weka kikomo kila mara: `G96 D1200 S120` kwenye LinuxCNC, au `G50 S1200` kwenye GSK. Bila kikomo, kisu kikifika katikati spindo inakimbilia kasi yake ya juu kabisa huku chuma kikiwa kimeshikwa kwa meno machache tu.

Kufunga

VFD ikae ndani ya boksi lililofungwa, mbali na vumbi la chuma cha kutupwa, maana vumbi hilo linapitisha umeme. Kati ya VFD na mota usiweke swichi wala kontakta ya kukatwa mota ikizunguka. Ule mkono wa zamani wa mbele na nyuma utumie kutuma ishara kwenye tamino za VFD. Pampu ya maji ipewe umeme wake kando. Waya wa mota uwe na wavu, uunganishwe na ethi pande zote mbili, na upite mbali na waya wa enkoda. RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ikiruka kila unapowasha, mara nyingi ni kichujio cha VFD kinachovujisha kwenye ethi: badilisha aina ya RCD, usikate ethi.

Ukizima, subiri dakika 10 na upime kati ya tamino za DC+ na DC− za VFD kabla ya kugusa chochote. Jaribio la kwanza lifanye bila chaki, kwenye gia ya chini, kwa 10 Hz. Kisha kata thredi ya mm 2 kwa mizunguko 250: kitoroli (kibeba kisu) kitakwenda mm 500 kwa dakika, kasi ambayo stepa nyingi zinaimudu. Pita mara ya pili bila kuongeza kina. Kisu kisipogusa chochote, enkoda imefungwa sawasawa.