Maua ya kamomili nimeyapenda, maneno ya pakiti yameniudhi

Pakiti hii ya chai ya maua ya kamomili nimeimaliza juzi, baada ya wiki 6 za kikombe kimoja kila usiku. Ni maua makavu, mazima, si yale ya vifuko ambayo mara nyingi ni vumbi na vijiti. Nilipoifungua tu nilichukua ua moja nikalipasua kwa ukucha. Kitovu chake cha manjano kimechongoka kama koni, na ndani ni kitupu. Hapo ndipo unapoijua kamomili ya Kijerumani, Matricaria chamomilla. Mimea mingine inayofanana nayo kitovu chake kimejaa. Nilipasua mengine kumi, yote matupu. Harufu yake ni ya tufaha na majani makavu.

Natia vijiko viwili vya chai kikombeni, namimina maji yaliyochemka, nafunika dakika 10. Kufunika usiache, maana mafuta yenye harufu ni sehemu ya dawa yenyewe na hupotea na mvuke. Tumbo langu lililokuwa likijaa gesi kila jioni limetulia. Kuhusu usingizi sitatia chumvi: hainilazi kama kidonge, ila nageukageuka kitandani kidogo kuliko zamani.

Sasa hayo maneno. Nyuma ya pakiti wameandika "Asilia, haina madhara, inafaa kwa kila mtu." Mama yangu ana vali ya bandia ya moyo na anatumia warfarini kila siku, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Harufu ilimvutia, akajimiminia.

"Mama, subiri kwanza tumuulize mfamasia."

"Maua tu haya, mwanangu."

Mfamasia alikataa palepale, na alikuwa na sababu. Mwaka 2006 jarida la madaktari wa Kanada lilieleza habari za mama wa miaka 70 aliyekuwa akitumia warfarini. Alivuja damu ndani ya mwili baada ya kunywa chai hii mara kadhaa kwa siku na kujipaka losheni yake. Mama alikisogeza kikombe pembeni bila kusema neno. Mikono yangu ilitetemeka nilipokimwaga. Kama ningekuwa kazini siku ile, je?

Kamomili ni ya jamii moja na alizeti na daisi, hivyo mwenye mzio wa chavua za jamii hiyo anaweza kuvimba au kubanwa kifua. Kuoshea macho ndiyo usithubutu kabisa, kwa sababu chavua huingia machoni. Anayetumia dawa za usingizi, anayesubiri upasuaji na mjamzito, waulize hospitali kwanza. Mistari mitatu tu ingetosha kuyasema haya kwenye pakiti, na nafasi ipo. Wameijaza picha ya bustani.

Nimemwandikia muuzaji ayabadilishe maneno yale, hajajibu. Maua nayapa nyota 5, pakiti nyota 1. Nimeagiza tena, na kopo ninaloyahifadhia nimelibandika karatasi yenye herufi kubwa: SI YA MAMA.